CICIDS2017 baada ya kuishi nayo mwaka mzima: belo la bure, ila kagua kila shona

Wakuu salaam. Hii dataseti ya mashambulizi ya mtandao nimekaa nayo mwaka sasa, nimelala nayo nimeamka nayo, mume wangu anaijua kwa jina kama vile ni mke mwenza, kwahiyo nadhani nimepata haki ya kuisemea. Naandika kwa ajili ya wale wanaoanza masters au PHD za akili mnemba na usalama wa mtandao, hasa wale ambao supavaiza kawaambia "tafuta data" alafu akapanda ndege, maana najua mtaingia Google na ya kwanza kuwatokea itakuwa hii hii.

Kwa asiyeijua, CICIDS2017 imetengenezwa na Canadian Institute for Cybersecurity, iko chuo kikuu cha New Brunswick huko Kanada. Walichofanya ni kujenga mtandao wa ofisi wa kuigiza, wakatunga tabia za watumiaji 25, wanavinjari, wanatuma barua pepe, wanahamisha mafaili, alafu kuanzia Jumatatu tarehe 3 Julai 2017 mpaka Ijumaa tarehe 7 wakarekodi kila pakiti iliyopita. Jumatatu hamna fujo kabisa, watu wanafanya kazi zao. Jumanne wakaanza kubahatisha nywila za FTP (ya kuhamisha mafaili) na SSH (ya kuingia kompyuta ya mbali), Jumatano ikawa siku ya DoS za kila aina, yani kuilemea seva mpaka ishindwe kujibu, na Heartbleed ndani yake, lile tundu la OpenSSL linalovujisha siri za seva, Alhamisi asubuhi wakashambulia tovuti na mchana wakapenyeza, Ijumaa botineti (kompyuta zilizotekwa zinazoamriwa toka mbali), skani ya poti na DDoS (DoS toka kompyuta nyingi kwa pamoja) ya kufungia wiki. Bei yake bure. Pakiti ghafi zote ni zaidi ya GB 50 ila kuna faili za CSV, yani majedwali, zilizokwisha kuchakatwa ambazo zikiwa zimebanwa hazifiki hata GB moja, na hizo ndo karibu kila mtu anazitumia, mimi nikiwemo.

Ndani ya CSV kuna mistari 2,830,743. Mstari mmoja ni mtiririko mmoja, yani maongezi ya kompyuta mbili toka hodi mpaka kwaheri. Kompyuta A inapiga hodi, B inajibu karibu, A inasema haya naingia, ndo wanaanza kupeana vitu. Sasa anayeskani poti ni yule mtu anayepita mtaa mzima anagonga kila mlango bila nia ya kuingia sa hiyo, anataka tu kujua nani yupo, nani hayupo, nani kafunga kwa komeo gani. Kila maongezi yamepimwa vipimo 78, yalichukua muda gani, pakiti ngapi zilienda, ngapi zilirudi, zilipishana kwa muda gani, na mwishoni kuna safu ya lebo inayosema huyu alikuwa salama au alikuwa mvamizi wa aina fulani. Kwa mtu anayetaka kufundisha modeli hiyo ni sahani imeshapakuliwa, kazi yako kunawa mikono tu.

Ndivyo nilivyodhani.

Usiku wa kwanza niliupoteza wote kwenye nafasi moja tupu. Nimeandika kodi inaita safu ya Label, kompyuta inanambia hamna safu inaitwa hivo, na mimi naiona kwa macho yangu imekaa pale. Nimefuta nimeandika upya, nimeanzisha upya laptopu, luku ikakata nikaenda kununua umeme, nimerudi bado. Kumbe jina la safu linaanza na nafasi, yani sio "Label" ni " Label", na safu nyingi kwenye zile CSV ziko hivo hivo. Kitu kinachojulikana dunia nzima, mimi ndo sikusoma. Ukishavuka hapo unakutana na Infinity, maana kuna vipimo vya baiti kwa sekunde na kuna mitiririko ambayo muda wake ni sifuri, gawanya kwa sifuri uone kitakachotokea. Na safu ya Fwd Header Length imo mara mbili, jina moja namba zile zile. Haya yote ni ya kufua tu, kama nguo ya mtumba, unaloweka Omo asubuhi inavalika, siyalalamikii sana.

Ninachotaka mnielewe ni jinsi belo lenyewe lilivyofungwa. Ukinunua belo la mtumba pale Karume unajua mchezo, juu wamepanga grade A ile inayong'aa, ukifika katikati ndo unakutana na mashati yasiyo na kola. Kwenye CICIDS2017 mistari 2,273,097 ni salama, yani asilimia 80 na kidogo. Maana yake ukiandika modeli ya kijinga kabisa inayosema "salama" kila inapoulizwa, kama mlinzi aliyelala getini anaitikia "poa bosi" gari lolote likipita, tayari una asilimia 80 na unaweza kuanza kuandika abstrakti. Kwenye mashambulizi yaliyobaki, aina tatu peke yake, DoS Hulk (moja ya zile DoS za Jumatano), PortScan na DDoS, zimechukua karibu 93 ya kila 100. Alafu nenda kaangalie wale wavamizi wa kweli kweli wanaomnyima usingizi mtu wa benki: upenyezaji mistari 36, SQL injection (kupenyeza amri kwenye hifadhidata kupitia tovuti) 21, Heartbleed 11. Kumi na moja jamani! Unatenga za kufundishia, unatenga za mtihani, unabaki na Heartbleed mbili tatu za kupimia, modeli ikizipata zote unaandika asilimia 100 kwenye jedwali, na ukikosa moja unaandika 67.

Mimi niliandika. Siku ya nne toka nianze nilikuwa na usahihi wa tisini na tisa nukta na matisa mengine nyuma yake, kwa modeli ya kawaida tu, ile ya miti mingi ya maamuzi inayopiga kura, hata sijafika kwenye mitandao ya neva. Nikanunua kuku mzima. Nikampigia Prof usiku ule ule, shikamoo Prof, marahaba mwanangu, nikamtajia namba. Akanyamaza nikadhani simu imekata. Akasema "hebu toa hiyo safu ya poti, alafu nambie uligawaje data ya mtihani." Akakata.

Ile safu ya poti ya upande wa pili ni mtego na nusu. Mashambulizi ya FTP yote yanaenda mlango 21, ya SSH mlango 22, modeli haina haja ya kujifunza tabia ya mvamizi, inakariri namba ya nyumba. Na kuna toleo lenye anwani za IP, huko ni vichekesho, kwa sababu mtandao ulikaa nyuma ya fayawoo mashambulizi mengi yanaonekana yanatoka 172.16.0.1, kwahiyo modeli inajua tu kwamba ukiona 172.16.0.1 piga kelele. Ukienda nayo kwenye mtandao wako kule kwenu ambako 172.16.0.1 ni ruta ya ghorofa ya pili, utajua hujui.

Alafu kugawa. Nilichanganya mistari yote kama karata, asilimia 80 ya kufundishia 20 ya mtihani, kama mafunzo yote ya mtandaoni yanavyoelekeza. Tatizo shambulio la Hulk linatoa mitiririko laki mbili na zaidi ndani ya dakika chache inayofanana kama mapacha, ukichanganya, pacha mmoja anakaa darasani na mwenzake anakaa kwenye mtihani. Hapa kwetu tunajua jina lake, pepa limevuja. Nikarudia kwa kufuata siku, nimefundisha na Jumatatu mpaka Jumatano, nikapima na Ijumaa. Sitaki kuwaambia nilipata ngapi, kuku alikuwa ameshaliwa. Botineti ya Ijumaa karibu yote ilipita na modeli inaipungia mkono. Nikamwandikia Prof nikajitetea kwamba sio haki, modeli haijawahi kuona botineti, akajibu neno kwa neno: "Na mvamizi wa kesho umeshamuona?"

Sasa msidhani mimi ndo nimegundua Amerika. Mwaka 2021 Engelen, Rimmer na Joosen wa KU Leuven Ubelgiji walikaa chini wakaifumua hii dataseti shona kwa shona, wakakuta shida kwenye kutengeneza trafiki yenyewe, kwenye programu ya kukata mitiririko, kwenye vipimo na kwenye lebo. Moja naipenda kwa sababu ni ndogo na inauma: ile programu ya kukata mitiririko ikiona pakiti ya kwaheri inafunga daftari papo hapo, wakati maongezi ya TCP yanaagana pande zote mbili, kwahiyo zile pakiti za mwisho za kumalizia kuagana zinahesabiwa kama maongezi mapya, mafupi, hayana kitu ndani, na yanapewa lebo ya shambulio vile vile. Modeli yako inajifunza kwamba mvamizi ni mtu anayesema "haya kwaheri". Baada ya kurekebisha, zaidi ya asilimia 20 ya data iliundwa upya au kubadilishwa lebo, na toleo lao liko wazi. Ushauri wangu wa bure, kama lazima utumie hii, anza na lile lililorekebishwa, na kwenye pepa yako andika umetumia lipi maana watu wanalinganisha embe na nanasi.

Mtauliza basi tutumie nini kingine. KDD Cup 99? Hiyo ni bibi. Imetokana na majaribio ya DARPA, shirika la utafiti la jeshi la Marekani, ya 1998 yaliyofanywa na MIT Lincoln Laboratory, mtandao wa kambi ya jeshi la anga la Marekani wa kuigiza, na mpaka leo kuna watu wanaitumia, yani dataseti ina umri wa mwanafunzi anayeisoma. Wenzetu waliotoa NSL-KDD, toleo lake lililosafishwa, mwaka 2009 walihesabu wakakuta karibu asilimia 78 ya rekodi za kufundishia ni nakala za zilizopo. Na kwenye data dada ya Lincoln ya 1999, Mahoney na Chan walionesha 2003 kitu cha kuchekesha, kuna namba ndogo kwenye kichwa cha pakiti inaitwa TTL, inapungua kila pakiti ikivuka ruta, basi 126 na 253 zilionekana kwenye pakiti za wavamizi tu, nyingi za watu wema ni 127 na 254. Sio kwamba mvamizi ana TTL yake, ni jinsi maabara ilivyofungwa nyaya. Ungeweza kukamata wezi kwa kuangalia namba moja tu na ukapewa digrii. UNSW-NB15 ya kule Canberra, 2015, ni afadhali kidogo kwa aina za mashambulizi, zipo tisa, ila nayo ni ya mashine ya kuzalisha trafiki, sijakaa nayo sana siwezi kuisema vibaya wala vizuri.

Na ugonjwa sio wa dataseti peke yake. Sommer na Paxson waliandika toka 2010 kwamba kugundua uvamizi kwa kujifunza kwa mashine ni kazi tofauti na kutambua picha ya paka, kwa sababu kosa dogo hapa lina bei. Paxson ndo yule aliyeanzisha Bro mwaka 1995, programu ya kufuatilia trafiki ya mtandao, sa hizi inaitwa Zeek, ntairudia. Na 2022 Arp na wenzake walipitia pepa 30 za mikutano mikubwa kabisa ya usalama, kila moja wakaikuta na angalau mitego mitatu. Mikutano mikubwa! Nilivyosoma hiyo nililala vizuri kwa mara ya kwanza.

Hebu nifanye hesabu ya dukani, maana hii ndo ilinitoa kwenye ulevi wa 99. Tuseme chuo chenu kinapitisha mitiririko milioni moja kwa siku, sio mingi kwa chuo, na ndani yake 20 ni ya wavamizi. Modeli yako inakamata wote 20, safi kabisa, na inakosea mara moja tu katika kila 100 kwa watu wema. Hiyo moja katika mia ni kengele 10,000 kwa siku. Kijana wa TEHAMA akiangalia kila kengele kwa dakika moja anahitaji zaidi ya masaa 166, yani siku saba bila kulala, kumaliza kengele za siku moja, na kwa kila kengele 500 anakuta mvamizi mmoja. Siku ya pili atafanya nini? Ataizima. Na mimi ningeizima. Wakati huo kwenye slaidi zangu imeandikwa asilimia 99 kwa herufi nene.

Kuna jambo jingine ambalo sio kosa la Wakanada, ni la kwetu. Ile ofisi ya 2017 haina mtu anayetazama TikTok kwa hotspoti ya mwenzake, haina laini tatu kwenye simu moja, haina hosteli nzima iliyokaa nyuma ya anwani moja. Nilipoanza kuangalia trafiki ya maabara yetu sikuona hata mtu mmoja anayetumia FTP. Na uvamizi unaotumaliza huku wala haupiti kwenye pakiti za ajabu, unakuja kwa SMS, "ile hela tuma kwenye namba hii", pakiti yake safi, lebo yake salama, mama mkwe wangu ameshatuma.

Na GB 50 za pakiti ghafi kwa bando la mwanafunzi ni mahari. Mimi nilikuwa nazishusha ile wiki ya Mei 2024, Jumapili tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, nchi nzima intaneti inatambaa, faili langu la Jumatano likagandia katikati. Nikalianza mwanzo. Baadae nikakodi kompyuta ya bure mtandaoni, sitaitaja, ambayo ilikuwa inanifukuza kila nikienda kusali.

Sasa nyota. Kwa kujifunzia, kujua mtiririko ni nini, kuosha na kufua data, kufundisha modeli yako ya kwanza, natoa nne na nusu, sijaona ya bure iliyo na maelezo na siku zilizopangwa vizuri namna ile, na wenyewe walifanya kazi kubwa ambayo wengi tunaoikosoa hatujafanya. Kwa kujengea PHD ukasimama mbele ya wazee ukasema mfumo wangu unalinda mtandao, mbili. Ukitumia lile toleo la Wabelgiji, ukagawa kwa siku, ukatoa poti, ukaonesha na kengele za uongo kwa siku sio asilimia tu, hapo napandisha mpaka tatu.

Mimi nilichoishia kufanya ni kuomba trafiki yangu mwenyewe. Barua ya kwanza niliandika Novemba, ofisi husika ikaniambia irudi na muhuri, ikarudi na muhuri ikaambiwa kuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, ambayo ni kweli na nzuri ipo, basi tukakubaliana maabara moja tu, watumiaji wasaini fomu, yaliyomo kwenye pakiti nisiyaguse. Fundi wa maabara, kaka mmoja mpole sana, akanifungia kikompyuta pembeni ya swichi, nikaweka Zeek. Zeek haikuambii nani mwizi, inaandika tu daftari la mgeni kaja saa ngapi na ameishiaje. SF ni walionana wakaagana vizuri, REJ ni hodi ikakataliwa, S0 ni hodi bila jibu. Ukikaa ukiisoma wiki mbili unaanza kuwajua watu wa mtaa ule, nani anawahi, nani anaacha vitu wazi usiku.

Pembeni yake nikaiweka modeli yangu iliyolelewa na CICIDS2017. Usiku wa kwanza, saa nane kasoro, ikapiga kengele, PortScan, PortScan, PortScan, mpaka alfajiri. Moyo ukanienda mbio, nikasema leo nimekamata mtu, nikafungua daftari la Zeek nikakuta S0 zimepangana kama sisimizi, zote toka anwani moja ya ndani, kila baada ya sekunde kadhaa hodi, hodi, hodi, hamna anayejibu. Asubuhi nikaenda na ile anwani kwa kaka fundi, tukaifuata kwa waya mpaka kona ya maabara. Ni printa. Kuna seva ilikuwa jengo la pili ikaondolewa zamani, hakuna aliyekumbuka kuiambia printa, kwahiyo kila usiku inaenda kugonga nyumba iliyohamwa.

Nikamuuliza sasa tunafanyaje, akanambia dada iache tu, ukiigusa huwa inagoma kuprinti.